Walisema Nimenenepa kwa Dhahabu

Mwaka nilioumwa kuliko miaka yote ya maisha yangu ndio mwaka niliosifiwa zaidi kwa kupendeza. Nikipita gulioni, wanawake walinishika shavu na kucheka. "Mama Ghati, umejaa. Machimbo yamekukubali." Nami nilijibu kwamba tunamshukuru Mungu, maana mtu akikusifu utafanyaje? Sikujua kwamba kilichojaa shavuni ni maji, na kwamba maji yenyewe yalikuwa yamekosa njia ya kutokea.

Naandika sasa nikiwa mzima, au tuseme mzima wa kutosha, kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la hospitali na kikopo cha mkojo mkononi, hajui akifiche wapi. Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Nitasema yaliyonipata na watu walionishika mkono. Ukikuta la kukufaa, chukua, na lisilokufaa uliache hapo hapo.

Nilizaliwa Mbalibali, Wilaya ya Serengeti, nikaolewa Tarime, upande wa machimbo. Mume wangu anaitwa Matiko. Miaka ile dhahabu ilipovuma, nusu ya wanaume wa kwetu waliacha majembe na kushuka kwenye maduara, ndivyo yanavyoitwa mashimo ya wachimbaji wadogo. Matiko alishuka nao. Mimi nilikwenda mwaloni, mahali pa kuoshea. Mawe yakishasagwa kuwa unga, unaupitisha kwa maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia. Dhahabu inanasa kwenye gunia, mchanga unakwenda na maji. Jioni unalikamulia gunia kwenye karai, unatia sabuni ya unga kidogo ili chembe ndogo zisielee, kisha unazungusha taratibu huku umeshika pumzi. Ni kazi ya kuinama kutwa, miguu ikiwa kwenye maji.

Naieleza kazi hii kwa sababu ndiyo iliyonifichia ugonjwa. Nilikuwa na kiu isiyokatika, lakini kule nani hakuwa na kiu? Jua la kiangazi linapiga mawe, mawe yanakurudishia joto usoni. Nilichoka kabla ya saa sita, lakini wote tulichoka. Miguu ilivimba, na jioni tulikaa kwenye mawe tukabonyezana kwa vidole na kucheka mashimo yaliyobaki kwenye nyama. Tofauti ni kwamba asubuhi wenzangu waliamka na miguu yao, mimi niliamka na ile ile ya jana.

Na povu je? Sisi tulijisaidia nyuma ya mwalo, kwenye mfereji unaotoa maji machafu, na mfereji wote ulikuwa povu la sabuni. Sasa wewe utajuaje povu la kwako ni lipi?

Halafu kulikuwa na kidonda. Jiwe lilinikata kidole gumba cha mguu mwanzo wa kiangazi, na mpaka watu wanaanza kupanda mtama kilikuwa bado kibichi. Tulisema ni maji ya mwaloni. Kwa maumivu ya mgongo na ya kidole hicho nilimeza vidonge vya dukani kama wenzangu wote, tukivitafuna asubuhi kama karanga. Hakuna aliyetuambia kwamba vidonge vile, kwa mtu wa hali yangu, vinaumiza figo. Wewe nakuambia. Kama una sukari, usimeze kidonge cha maumivu kabla ya kumuuliza mtu wa hospitali.

Hivyo nikavimba, na watu wakaona utajiri. Machimboni kulikuwa na hadithi nyingi za wanawake wa mwaloni wanaoficha dhahabu kwenye nywele, mdomoni, na kwingine kusikosemeka. Mwanamke aliyejaa uso ghafla alikuwa na sababu moja tu. Hata mwanangu Ghati alirudi kutoka kisimani siku moja akaniuliza kama ni kweli tutajenga nyumba ya bati.

Aliyelishika neno hilo zaidi ni kaka wa mume wangu, Nyamhanga. Baba yao alikuwa ameshafariki, na zizi lilikuwa mikononi mwake yeye kama mkubwa. Ni mtu mrefu, mwenye sauti, asiyependa kucheleweshwa. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda, akaniangalia uso mpaka nikaona haya.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mama Ghati, watu wanasema."

"Wanasema nini, shemeji?"

"Wanasema mtu hanenepi hivyo kwa ugali wa muhogo."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Matiko naye akacheka. Lakini siku zilivyokwenda, niliona mume wangu ameanza kuniangalia mikono ninaporudi kutoka kazini, na wakati mwingine kuniangalia nikifungua mtandio. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa muuza sabuni. Mama Zuhura ni mfanyabiashara wa Nyamisangura, pale mjini Tarime. Wazazi wake walitoka Pangani zamani, wakafungua duka, na yeye akalirithi. Siku za gulio alikuja na pikapu na magunia ya sabuni ya unga, akatupimia wanawake wa mwaloni kwa kikombe. Siku hiyo aliniona nikiinuka kwa shida kumpokea. Akaacha kupima.

"Mama Ghati, hebu geuka huku." Akaniangalia macho, akaangalia miguu. "Wewe hukunenepa. Umevimba."

"Watu wanasema nimependeza."

"Watu wana macho ya dhahabu. Marehemu mama yangu alikuwa hivi hivi, na sisi tulimsifu mpaka tukamzika. Nenda hospitali."

Maneno hayo yaliniingia. Wakati huo nilikuwa nikilala chali pumzi inakata, nalazimika kukaa na kuegemea ukuta. Viatu havikuingia tena. Asubuhi kope zilikuwa zimefumba mpaka nizifungue kwa vidole. Nikamwambia Matiko kwamba nataka kwenda mjini kutibiwa, na tuombe ng'ombe mmoja auzwe. Yeye akampelekea kaka yake ombi hilo. Nyamhanga alikuja kunijibu mwenyewe, amesimama uani, kwa sauti ambayo majirani waliisikia vizuri.

"Ng'ombe wa baba hauzwi kumtibu mtu mwenye dhahabu ndani ya nyumba. Aitoe kwanza ya kwake. Ikiisha, tutakaa tuzungumze."

Nikamwangalia Matiko. Matiko akaangalia chini. Sijawahi kupata maumivu kama yale, na nimechomwa sindano nyingi tangu siku hiyo. Kama ningekuwa na chembe moja ya dhahabu ningeitema pale pale uani waione. Sikuwa nayo, na jinsi nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini.

Gulio lililofuata, pikapu ya Mama Zuhura iliporudi mjini nilikuwa juu ya magunia matupu, nina kanga mbili tu, na Ghati akinishika mkono. Hakunidai nauli. Alisema tu, "Mkianza kushukuru sasa mtachoka, safari bado."

Hospitali nilikaa kwenye benchi la nje tangu umande mpaka kivuli kilipohamia upande wa pili. Watu wa benchi ni watu wema, hilo nalisema kwa wanaoogopa kwenda. Mama mmoja wa Nyambureti, aliyemleta mumewe, alinipa nusu ya kiazi chake na kunisogezea mtoto wake mchanga nimshike ili nisiwaze. Mpaka leo sijui jina lake. Namkumbuka kwenye sala kama Mama wa Kiazi.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa Sista Atupele, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu, mfupi, mwenye maneno machache na mikono mikavu. Akanipa kikopo cheupe. Nikaenda, nikarudi nacho nimekifunika kwa upindo wa kanga. Alipokifunua niliona povu juu, limesimama. Nikangoja lishuke. Halikushuka.

Nikamwambia, "Sista, hiyo ni sabuni ya kazini. Sisi tunasimama kwenye sabuni kutwa, itakuwa imeniingia kwa miguu."

Wapo ambao wangecheka mpaka wakae chini. Yeye alichovya kijiti chake, akaangalia rangi, akaniwekea mkono begani. "Hapana, mama. Sabuni haiingii kwa miguu. Hili povu linatoka kwako mwenyewe. Kaa, usiende popote."

Walinitoboa kidole, sukari ikaonekana iko juu sana, na haikupanda jana wala juzi. Daktari alikuja, kijana mwenye miwani, akaniuliza mambo ya kiu na kukojoa na kidonda, kila alilouliza nikasema ndiyo. Kisha akaketi kwenye kitanda changu, jambo ambalo sikulitegemea, akanieleza kwa maneno ninayoyaweza. Alisema sukari ikikaa juu miaka, mwili unadhani umevamiwa, unawasha moto wa kujilinda. Kwenye figo moto huo haumkuti adui, kwa hiyo unaunguza figo zenyewe. Ndiyo maana zilikuwa zinavuja kilichotakiwa kubaki na kubakiza kilichotakiwa kutoka.

"Na hiki kidonda," akasema akielekeza kwenye kidole changu cha mguu, "kila siku kinatia kuni."

Nikamuuliza kama nitapona. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. "Sehemu iliyoungua hairudi, mama. Tunaipigania iliyobaki. Tukiipoteza hiyo, hapa hatuna mashine ya kukusaidia." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nagombania kipande, na kwamba kipande hicho ndicho maisha yangu na ya Ghati.

Nililazwa. Siku za wodi nazihesabu kwa kidonda, maana kila asubuhi Sista Atupele alikuja na sinia lake, akakifungua, akakikwangua mpaka damu safi, akakifunga. Mara za kwanza nilitukana kwa Kikurya. Naye akaniambia ameshajifunza matusi yote ya Kikurya kwa wagonjwa wa vidonda, nimletee jipya. Siku moja nikamletea, la bibi yangu, akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Tangu hapo tukawa marafiki.

Dawa ya kutoa maji ilipoanza kazi, nilikwenda chooni kutwa kucha. Miguu ilinywea, ngozi ikabaki imelegea na makunyanzi, nikawa na miguu ya bibi kizee chini ya magoti ya mwanamke wa makamo. Uso ulishuka kila siku kidogo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na kioo, akanipa nijione. Nilimwona dada yangu mkubwa, mwembamba, mwenye mashimo mashavuni. Nikalia, kisha nikapumua kwa nguvu, nikagundua kwamba pumzi inaingia yote. Ukipata siku ya kupumua namna hiyo, usilalamikie mashavu.

Ghati na mimi tulihudumiwa na nyumba ya Mama Zuhura. Ilikuwa Ramadhani, naye akiwa amefunga alinipikia mchana, kwenye sufuria yangu peke yangu, mboga isiyo na chumvi. Hakuonja, na kwa kuwa haina chumvi hakukuwa na cha kuonja. Alikuwa akiniletea na kusema, "Kula majani yako, mama mbuzi." Nilikula. Jioni familia yake ilipofuturu, alimchukua Ghati akale nao, mtoto wangu akanenepa kweli, si kama mimi.

Matiko alikuja wakati kidonda kimeanza kufunga. Aliingia wodini na kofia mkononi, akanipita, kwa kuwa hakunitambua. Nilimwita. Akarudi, akasimama mbele ya kitanda akiniangalia uso ule mwembamba.

"Mama Ghati," akasema alipopata kukaa, "nimekuja na neno."

"Sema."

"Ulipoondoka, kaka alisema tuangalie. Tukachimba jikoni. Pale penye mafiga."

"Mliyang'oa?"

"Tuliyang'oa."

"Mkapata nini?"

"Udongo."

Nilivyolelewa mimi, mafiga ya mwanamke hayang'olewi yeye akiwa hai. Ni kumwambia kwamba hayupo. Hasira niliyoipata ilinipandisha sukari mpaka Sista akaja kuuliza nimekula nini. Nilimpa mume wangu mgongo, nikageukia ukuta, naye akakaa hapo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Aliacha unga wa ulezi kwenye mfuko, akaenda.

Nilipotolewa sikurudi kwake. Nilivuka Mto Mara, nikaenda kwa mama yangu Mbalibali, nikiwa na sindano zangu za sukari na dawa zangu na amri ya kutokanyaga mwaloni tena. Watu walikuwa wanavuna ulezi. Mama yangu ni mtu wa kazi, mgonjwa kwake ni mtu ambaye bado hajapewa kazi, kwa hiyo alinikalisha kivulini kupepeta. Dawa ya sindano haitaki joto, tukaiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa, na mama aliumwagia maji mchanga ule asubuhi na jioni, akisema chungu kile ndicho mjukuu wake asiyelia. Chumvi ndiyo iliyotugombanisha. Kwake kumnyima mtu chumvi ni kumfanyia ubaya.

"Majirani wataniuliza mwanangu amekosa nini," alisema.

"Waambie figo zake ndizo zilizokosa."

Akasonya, lakini akapika bila chumvi, na mwisho akaanza kula na mimi sahani hiyo hiyo. Aliniambia kwa siri kwamba kuumwa kwake kichwa asubuhi kumepungua.

Kila mwezi nilikwenda kliniki Mugumu. Kila mwezi kikopo, kijiti, benchi. Nilijifunza kusoma uso wa muuguzi kabla hajasema. Kuna miezi nilirudi nikiimba, kuna miezi nilirudi kimya na mama akajua asiulize. Povu lilipungua polepole sana. Anayetaka kupona kwa haraka ugonjwa huu utamvunja moyo, kwa hiyo jipatie kitu kingine cha kungojea. Mimi nilingojea maboga niliyopanda nyuma ya jiko la mama.

Matiko alikuja mvua zikiwa zimeshika. Mto ulikuwa umejaa, akazunguka mpaka darajani kwa miguu. Kwa heshima ya mkwe hakuingia kwenye ua wa mama yangu, alikaa nje, karibu na lango la zizi, akilowa, na mama yangu akawa anamtumia Ghati na maneno. Mwambie baba yako asogee kwenye kibanda cha mbuzi. Mwambie bibi yako nashukuru. Mwambie baba yako amekuja kuchimba nini tena? Hilo la mwisho Ghati alilifikisha kama lilivyo.

Nilitoka kwenda kumsikiliza. Aliniambia ameacha duara, ameuza vyombo vyake vya kuchimbia. Jikoni amesawazisha sakafu, amepaka udongo na samadi, na mafiga ameyarudisha mwenyewe, mchana, watu wakimwangalia. Wanaume wenzake walimcheka kijiwe kizima. Kwetu mwanamume hashiki mafiga.

"Sikuomba msamaha siku ile," akasema. "Nilikuwa sina sura. Ukikataa kurudi nitaelewa. Ila nifundishe hiyo sindano. Hata ukikaa huku, nitakuwa nakuja."

Nilimfundisha pale pale kwenye kibanda cha mbuzi, kwa maji matupu na boga. Alishika bomba kwa vidole vile vya kuvunjia mawe, jasho likimtoka kwenye mvua, akalichoma boga kana kwamba litamwuma. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mume wangu tangu uso wangu ulipoanza kujaa, na mvua zilipopungua nilirudi nyumbani. Sikusahau. Ila nilimpenda, na nilichoka kumkasirikia.

Masika yaliyofuata daktari wa miwani, kule Tarime, aliniambia figo zimesimama pale pale zilipokuwa. Kidonda kilikuwa kovu. Alisema "zimesimama" kama jambo la kawaida, nami niliinama nikashika meza yake. Sikuomba zipande, niliomba zisianguke, na hazijaanguka mpaka leo ninapoandika. Gulioni wanawake walinipa pole. "Mama Ghati, umekwisha. Dhahabu imekuacha." Niliwajibu kwamba tunamshukuru Mungu, na safari hii nilimaanisha.

Lipo jambo moja lililobaki, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mwaka jana Nyamhanga alianza kunenepa. Alikuwa amepata sehemu kwenye duara moja lenye mawe mazuri, na watu walisema mambo yamemkubali. Alivaa koti jipya, akatembea polepole kama mtu mwenye vyake. Alipokuja kwetu na kukaa kwenye kigoda, nikamwangalia uso, kope zikiwa zimejaa kama zangu za zamani.

"Shikamoo, shemeji. Umevimba."

"Nimenenepa," akasema. "Au unaona wivu?"

"Siwezi kukugusa, wewe ni mkubwa wangu. Bonyeza mwenyewe hapo mbele ya mguu, kwenye mfupa."

Hakutaka. Matiko akamwambia, "Bonyeza, kaka," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa kaka yake. Nyamhanga akapandisha suruali, akabonyeza kwa kidole gumba, akatoa kidole. Shimo likabaki. Akaliangalia muda mrefu, akalisugua, akabonyeza pengine, na pale napo shimo likabaki.

Nilikwenda naye mimi, kwa sababu njia ya kule naijua. Tulikaa kwenye benchi lile lile la nje. Alikuwa amekificha kikopo ndani ya kofia, na kofia ameiweka magotini kama mtu anayeombea chakula. Tukangoja majibu. Watu wakaitwa, wakaingia, wakatoka. Kisha, bila kunigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mama Ghati. Sema kweli, mimi ni mtu mzima. Ile dhahabu, ilikuwepo?"

Miaka yote ile alikuwa bado analo neno hilo. Amenyima ng'ombe, amechimba jiko langu, ameniona nikikonda mpaka mifupa, amebeba swali hilo mpaka kwenye benchi la hospitali na mkojo wake kwenye kofia. Nilitaka kumkasirikia, kicheko kikanishinda.

"Haikuwepo, shemeji. Ilikuwa hivi hivi ulivyo wewe leo."

Alishusha pumzi. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Basi nilikuua," akasema.

"Hukuniua. Mama Zuhura alikuwahi."

Sista Atupele alimwita. Nilimwona anaingia ameinama mlangoni ingawa mlango ni mrefu. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na mfuko wa dawa, na Sista nyuma yake akaninong'oneza kwamba tumefika mapema, figo zake bado zina nguvu kuliko zangu zilivyokuwa. Nilikaa tena kwenye benchi nikamwachia Mungu asante zangu zote, kwa ajili ya mtu yule yule.

Tulipita sokoni kutafuta gari la kurudi. Mtu wa kwetu, wa rika lake, akamwona kwa mbali, akaja amenyoosha mikono, akamshika mabega na kumwita mura, kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana.

"Nyamhanga, mura! Umejaa. Mawe yamekukubali kweli."

Pale sokoni palikuwa na watu wengi wanaomfahamu. Nilibaki nyuma yake, maana hapo hakuna wa kumsaidia mtu. Nyamhanga alimtoa yule bwana mikono begani, akaushika mmoja.

"Hii si mali," akasema, kwa sauti ile ile ambayo zamani majirani waliisikia vizuri. "Naumwa. Sukari imeniingia kwenye figo. Na wewe, mura, pandisha suruali hiyo ubonyeze mguu."